Programu ya DOS inayogoma kwa kosa namba 200

Ukiendesha programu ya zamani ndani ya DOSBox (programu inayoiga kompyuta ya zamani yenye mfumo wa DOS), nayo ikajifunga papo hapo kwa ujumbe wa kosa namba 200, usiharakishe kudhani kwamba faili limeharibika. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal 7, zana ya kuandikia programu, hupima kasi ya prosesa mara tu zinapoanza: huhesabu mizunguko inayopita katika milisekunde 55, kisha huigawanya kwa 55, na prosesa ikiwa na kasi mno jibu hushindwa kuenea katika nafasi ya biti 16 iliyotengwa kwa ajili yake, ndipo programu hulalamika kuwa imegawanya kwa sifuri, jambo ambalo si kweli.

Fungua faili la mipangilio la DOSBox, utafute mstari wa «cycles», unaopanga kasi ya prosesa inayoigwa, na iwapo umeandikwa «max» uubadilishe uwe «cycles=fixed 3000». Programu ikishafunguka unaweza kuiongezea kasi kwa kubonyeza Ctrl pamoja na F12, kwa kuwa kipimo kile hakirudiwi. Kwa programu ya hesabu za duka hilo halina neno. Katika mchezo, hata hivyo, vituo vya kusubiri vilivyopangwa kwa kipimo cha mwanzo vitafupika, na kila kitu kitakwenda mbio kuliko alivyokusudia mtunzi.