Fildi kiwandani: namna ya kupata nafasi na kujiandaa kabla hujafika getini

Kila mwaka ikikaribia Juni, meza yangu hujaa barua za wanafunzi wanaoomba fildi. Nyingi zinafanana hadi nukta: "Naomba nafasi ya kufanya mafunzo kwa vitendo katika kiwanda chako." Anataka kuona nini? Hasemi. Mimi ni mhandisi mitambo kwenye kiwanda cha sukari mkoani Morogoro, na wanafunzi ninaoweza kuwasimamia vizuri kwa mkupuo mmoja hawazidi sita. Anayeandika jambo mahususi ndiye ninayemsoma hadi mwisho. Nitaeleza kwa mpangilio, kwa ajili ya anayesoma uhandisi au ufundi sanifu na anayetarajia kwenda fildi likizo ndefu ya Julai hadi Septemba.

Hatua ya 1: Anza Februari

Juni umeshachelewa. Barua hupita masjala, ikaenda utumishi, ikashuka idarani, ikarudi tena utumishi, na kila meza ina mtu aliyesafiri. Fika ofisi ya mafunzo kwa vitendo chuoni kwako mapema, uulize barua za utambulisho zinatoka lini.

Hatua ya 2: Chagua kwa unachotaka kuona

Wengi huchagua kwa jina kubwa. Mimi nakushauri uulize kwanza kiwanda kitakuwa kinafanya nini wiki utakazokuwepo. Chukua sukari. Masika, Machi hadi Mei, magari ya miwa hayapiti shambani, kwa hiyo kiwanda husimama na mitambo hufunguliwa kwa matengenezo. Ukija Julai, miwa inasagwa usiku na mchana. Utauona mtambo mzima ukifanya kazi: makapi ya miwa yanaingia kwenye boila kama kuni, mvuke unazungusha turbini na kuzalisha umeme, kisha mvuke uleule unakwenda kuchemsha maji ya miwa. Mtu wa mitambo, wa umeme na wa kemikali wote wana cha kutazama hapo. Ila ndani ya gia hutaona kitu, maana hakuna atakayekusimamishia kinu ili uchungulie.

Kwa hiyo kama ni mwaka wako wa kwanza na hujawahi kushika spana, nenda kwenye karakana au gereji kubwa. Utachafuka, na ndicho unachohitaji. Viwanda vikubwa viachie mwaka wa pili na wa tatu, ukiwa na maswali.

Hatua ya 3: Andika barua yako mwenyewe

Ile ya chuo inathibitisha tu kwamba u mwanafunzi. Ambatanisha na yako, isizidi nusu ukurasa. Mfano:

"Nasoma uhandisi mitambo, mwaka wa pili. Darasani tumehesabu ufanisi wa boila, lakini sijawahi kuiona ikiwashwa. Naomba wiki 8 katika sehemu ya boila na turbini, kuanzia katikati ya Julai. Nikikosa sehemu hiyo, niko tayari kwenda karakana. Nitakaa kwa shangazi yangu, kilomita 3 kutoka kiwandani, na nina bima ya afya."

Usiidharau sentensi ya shangazi. Watu wa utumishi huogopa mwanafunzi atakayefika na begi akiuliza atalala wapi.

Hatua ya 4: Ipeleke kwa mkono, uondoke na muhuri

Barua pepe tuma, lakini isiwe tegemeo lako. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilimwachia barua mlinzi wa geti la kiwanda kimoja, nikarudi bwenini nikingoja simu. Niliporudi baada ya mwezi, niliikuta kwenye dirisha la kibanda chake, imetumika kufunikia kikombe cha chai. Kosa lilikuwa langu.

Nenda masjala na nakala mbili. Moja waache nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Baada ya wiki mbili piga simu, na usiulize "nimepata?" Uliza, "Samahani, barua yangu imefika meza ya nani?" Swali hilo linajibika. Na kama una mjomba anayefanya kazi pale, mwombe afuatilie, hakuna aibu. Asichoweza mjomba ni kukufundishia kazi ukishaingia.

Hatua ya 5: Pesa

Bumu la fildi, yaani pesa ya mkopo wa masomo, likichelewa, mwenye nyumba hatakuelewa. Tafuta chumba cha wawili au watatu, na uwe na nauli na chakula cha wiki tatu mkononi kabla hujapanda basi. Viwanda vingi havitoi posho. Uliza mapema, kwa adabu, ujue moja.

Hatua ya 6: Vaa ukifikiria mashine

Ovaroli inayokubana kidogo, buti zenye chuma mbele, nywele zimefungwa, mikufu na pete zibaki nyumbani. Ukikuta swichi imefungwa kufuli na kuning'inizwa kibao chekundu, usiiguse hata kama umeagizwa. Ufunguo wake uko mfukoni mwa fundi ambaye mikono yake iko ndani ya mashine.

Hatua ya 7: Mtafute fundi mchundo

Hapa ndipo fildi inapatikana au inapotea. Wanafunzi huning'inia kwa wahandisi, na sisi tuko vikaoni. Utaishia kutoa fotokopi. Mfuate fundi mchundo aliyekaa na mtambo ule miaka ishirini. Msalimie "shikamoo," mbebee boksi la vifaa, uliza kazi ikishaisha. Tunaye mzee mmoja anayeweka ncha ya bisibisi kwenye kasha la beringi na mpini sikioni, halafu anasema, "Hii inakula chuma, haifiki Ijumaa." Mwombe akupe bisibisi nawe usikilize. Sikiliza pampu nzima kwanza, kisha ile mbovu. Hakuna mhadhara utakaokupa sauti hiyo.

Jioni hiyohiyo jaza logibuku, daftari lako la kazi za kila siku. "Leo tulitengeneza pampu" haina maana. Andika: "Pampu ya maji ya kupooza ilikuwa ikitetemeka. Tulikuta beringi ya upande wa mota imekwisha, grisi imekauka. Tumebadilisha, tukanyoosha mhimili upya. Kazi imechukua saa nne." Chora kwa penseli. Tabia hii itakufaa tena ukiingia SEAP, mpango wa miaka 3 wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa wahitimu.

Hatua ya 8: Kabla ya kuondoka

Mwalimu wa chuo huja mara moja tu na hukaa muda mfupi, basi mpeleke moja kwa moja kwenye kazi uliyoishika. Hakikisha logibuku imesainiwa kila wiki. Siku ya mwisho msimamizi anaweza kuwa likizo. Kisha waachie mafundi nakala ya kitu ulichochora. Karakana kwetu bado kuna mchoro wa mabomba ya maji ya kupooza uliobandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Umeshalowa mafuta pembe zote, na bomba likipasuka usiku, ndio tunaoumulika tochi.