Kutoka na kamera ukiwa na mchoro kichwani: hatua za kuandaa matembezi ya potreti

Wapiga picha wengi wa potreti (picha za mtu na uso wake) wakitaka kujinoa nje ya kazi za wateja huanza kwa kutafuta mahali: ukuta wenye rangi, ngazi za zamani, bustani. Huzunguka na mhusika, yaani mtu anayepigwa picha, saa tatu nzima, hurudi na mamia ya fremu, na zote hufanana na za mwezi uliopita. Ukuta umebadilika lakini mwanga ni uleule. Hatua zilizo hapa zinaanzia upande mwingine: unachagua picha au mchoro mmoja, unausoma mpaka ujue mwanga wake umetoka wapi, kisha unatoka kwenda kuutafuta mwanga huo. Mahali huja mwisho. Kamera yoyote inayokubali kuendeshwa kwa mkono, yaani wewe ndiye unayeweka vipimo vya mwanga, inatosha.

Hatua ya 1: Chagua picha moja ya kusoma

Nasema moja. Ukibeba picha mia kwenye simu, ukifika uwandani utachanganya mkao wa hii na mwanga wa ile, na hakuna hata moja itakayokufundisha kitu.

Chagua kulingana na udhaifu wako. Mikono ikikushinda, msome Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948. Alipiga sana kwa mwanga wa mchana uani, na shuka la kitanda chake ndilo lililokuwa pazia lake la kwanza la nyuma. Tazama jinsi mikono inavyopewa kazi: inashika ua, inaegemea redio, inatulia juu ya goti. Usichokiweza kikiwa ni mwanga wa dirisha, nenda kwa Vermeer wa Delft, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Ana michoro kama 35 tu inayojulikana, na katika mingi kati ya hiyo mwanga unaingia kutoka kushoto. Kama unaegemea mno mandhari ya nyuma, msome mpiga picha Mmarekani Richard Avedon katika kazi yake ya magharibi mwa Marekani ya 1979 hadi 1984: karatasi nyeupe iliyotundikwa kivulini, mtu mbele yake, basi. Mmarekani mwenzake Irving Penn naye, mwaka 1948, aliunganisha kuta mbili zikafanya pembe nyembamba, akawaingiza watu maarufu humo na kuacha miili yao iseme. Na kama picha zako ni kali mno kiasi cha kuchosha macho, Julia Margaret Cameron, mpiga picha wa Uingereza aliyepata kamera yake ya kwanza mwaka 1863 akiwa na miaka 48, atakuonyesha kwamba ukungu kidogo hauui potreti.

Ushauri wangu ni kuanza na mchoro wa rangi kabla ya picha ya kamera. Mchoraji hakuwa na mandhari yenye ukungu wa lenzi ya kumwokoa. Ilimbidi atenganishe kichwa na kilicho nyuma yake kwa mwanga na giza peke yake. Ukisoma kazi ya mpiga picha wa leo anayetumia kamera kama yako, utaishia kuiga rangi alizopaka kwenye kompyuta.

Hatua ya 2: Isome, kisha iandike kwa mstari mmoja

Angalia mambo manne. Nukta nyeupe kwenye mboni: ikiwa juu kushoto, chanzo kiko juu kushoto kwako, ikiwa kubwa na ya mraba, ni dirisha. Kivuli cha pua: kinaelekea wapi, na kinafika wapi? Kikigusana na kivuli cha shavu na kuacha pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho, huo ndio mtindo uliopewa jina la mchoraji Rembrandt, na chanzo chake kiko karibu nyuzi 45 pembeni na nyuzi 45 juu. Tatu, ukingo wa kivuli: ukikatika ghafla, chanzo ni kidogo au kiko mbali, ukififia polepole, ni kikubwa na kiko karibu. Nne, shavu la giza: je, bado unaliona sikio?

Kisha andika, kwa mfano: "Chanzo kimoja kikubwa, kushoto, juu kidogo ya macho. Shavu la kulia ni giza lakini sikio linaonekana. Nyuma kijivu. Mikono yote miwili ipo." Mstari huo ndio utakaokwenda nao. Picha yenyewe iache nyumbani, la sivyo utamlazimisha mhusika afanane na mtu aliyekufa zamani.

Hatua ya 3: Saa

Saa mbili zinatosha, kuanzia saa mbili na nusu kabla ya machweo. Usitegemee mwanga wa dhahabu, ule wa jua likiwa chini karibu kuzama. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi 6 za mwisho huisha kwa dakika 24 hivi. Kadiri unavyosogea mbali na ikweta ndivyo muda huo unavyorefuka. Miongozo mingi inayosifu saa nzima ya dhahabu inatoka huko mbali.

Hatua ya 4: Mfuko

Lenzi moja. Milimita 85 kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi, yaani kipokea mwanga, kikubwa), au 50 kwa yenye kihisi kidogo. Betri ya akiba, kadi ya kijivu ya kupimia mwanga, vibanio viwili, na kitambaa cheusi kisichong'aa, angalau mita 1 kwa 1.5.

Kiakisi cha fedha, ule ubao unaong'aa wa kurudisha mwanga usoni, kiache. Nje tayari kuna mwanga mwingi unaotoka kila upande, na kinachokosekana mara nyingi ni giza. Kitambaa cheusi hukupa giza hilo. Kiakisi cha fedha humfanya mhusika akunje macho na humpa mwanga wa kutoka chini, ambao karibu hakuna uso unaoupenda.

Hatua ya 5: Kutafuta mwanga kivulini na kuupima

Hapa ndipo saa nzima hupotea, na karibu kila potreti ya nje iliyoharibika imeharibikia hapa.

Watu husema "piga kivulini" kana kwamba kivuli ni kimoja. Kivuli cha mti ndicho kibaya kuliko vyote, ingawa ndicho kinachokimbiliwa kwanza. Majani yana matundu, na matundu huacha madoa ya jua kwenye paji la uso ambayo hakuna programu itakayoyaondoa vizuri. Majani hayohayo, pamoja na nyasi chini, hutupa kijani usoni, hasa chini ya kidevu. Katikati ya kivuli cha jengo refu, pasipo na paa, kuna tatizo jingine: mwanga unatoka anga yote ya juu, macho yanazama kwenye mashimo, na pua inaweka kivuli mdomoni.

Unachotaka ni kivuli chenye paa na upande mmoja ulio wazi: baraza, mlango mpana, tao, banda la gari. Paa hukata mwanga wa juu, upande wazi hugeuka kuwa dirisha lako. Sasa nyoosha mkono, kunja ngumi usawa wa uso, uzunguke polepole ukiitazama. Vifundo vya vidole vitakuonyesha vivuli kama pua itakavyoonyesha. Upande ambao vivuli vina umbo bila kuwa vikali ndio utakaouelekeza uso wa mhusika. Jaribio hili ni la sekunde kumi, na linashinda fremu 40 za kubahatisha.

Umbali kutoka ukingo wa kivuli ndio unaoamua mengine. Nusu mita hadi mita moja ndani ya ukingo, mwanga una nguvu na tofauti kati ya mashavu ni kubwa. Mita tatu au nne ndani, tofauti hupungua, mwanga hudhoofika, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hupanda. Lakini ukisogea ukingoni mno, jua hushika bega au ncha ya nywele, na hapo panaungua kuwa peupe kabisa. Kabla ya kila fremu tano angalia mabega, kwa sababu jua linasogea na mhusika anayumba.

Usimwelekeze mhusika nje moja kwa moja. Akitazama nje kabisa uso unakuwa bapa. Mgeuze nyuzi 40 hadi 60 kutoka kwenye uwazi, kisha shikilia kitambaa cheusi upande wa giza, sentimita 30 hadi 60 kutoka shavuni, nje kidogo tu ya fremu. Kibane kwenye nguzo au mpe rafiki akishike. Utaona taya inachongeka hapohapo. Usipoona mabadiliko, ama kitambaa kiko mbali, ama kuna ukuta mweupe mahali pengine unaorudisha mwanga. Ukuta mweupe ulio mita mbili upande wa giza unatosha kuua umbo lote. Na ukuta wa rangi ni hatari zaidi: mwekundu huweka wekundu shingoni, wa bluu huufanya uso uonekane mgonjwa. Kagua na sakafu pia.

Sasa kipimo. Mita ya kamera, yaani kipimamwanga chake, hudhani kwamba kila inachokiona, kwa wastani, ni kijivu cha kati, kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Haijui ngozi ni nini. Mtu mweusi akiwa mbele ya uwazi unaong'aa, kamera hushusha kila kitu na uso unakuwa kivuli tupu. Mtu huyohuyo mbele ya kitambaa cheusi, kamera hupandisha kila kitu, na ngozi inakuwa ya kijivujivu, imefifia, paji la uso limeungua. Mpiga picha hulaumu kamera au ngozi, ilhali kosa ni la kuiachia mita iamue.

Dawa ni kadi ya kijivu. Mwambie mhusika aishike karibu na shavu linalopata mwanga, ikitazama kamera. Weka kamera kwenye mpangilio wa mkono, tumia kipimo cha nukta (kinachopima sehemu ndogo tu ya picha), elekeza kwenye kadi, rekebisha mpaka alama ikae sifuri, kisha usiguse tena mpaka mwanga ubadilike. Kwa kuanzia: upenyo wa lenzi f/2.8 au f/4 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), shata 1/250 ya sekunde, ISO popote itakapofika. Kama huna kadi, pima shavu lenyewe: kwa ngozi nyeusi sana teremsha kama stopu moja (yaani nusu ya mwanga) hadi moja na nusu chini ya kipimo, kwa ngozi nyeupe sana panda stopu moja. Ngozi ya kahawia ya kati mara nyingi hukaa karibu na sifuri.

Usiisukume histogramu (grafu ya giza na mwanga kwenye kamera) ya ngozi nyeusi ije katikati. Mahali pake ni kushoto kwa kati, na ni sahihi. Umbo la ngozi nyeusi husomwa zaidi kwa mng'ao wake: mstari wa mwanga kwenye mfupa wa shavu, kwenye daraja la pua, kwenye tundu la shingo. Chanzo kikubwa cha pembeni huuchora mng'ao huo ukawa mpana na laini. Chanzo kidogo huufanya nukta kali zinazoonekana kama jasho. Kwa hiyo usikimbilie kumpaka poda. Sogeza mtu kwanza. Ila usipige giza kwa makusudi ukitegemea kuinua baadaye, maana ukiinua stopu mbili chembe zitajaa hasa kwenye vivuli, na rangi ya ngozi itakufa.

La mwisho hapa ni mizani ya weupe, yaani jinsi kamera inavyosawazisha rangi ya mwanga. Kivulini mwanga ni wa bluu kwa sababu unatoka angani, na joto lake hufika Kelvini 7000 au 8000. Ukiiachia kamera ijipangie yenyewe, hubadilika fremu hadi fremu kadiri nguo zinavyoingia na kutoka, na utalia kwenye kuhariri. Funga kwenye 7000, piga fremu moja ya kadi, piga kwa faili ghafi (RAW).

Hatua ya 6: Mtu

Simama mita moja na nusu hadi mbili na nusu. Chini ya mita moja pua hukua na masikio hurudi nyuma, na hilo hutokana na umbali, si lenzi. Mweke mabega mshazari, kichwa kikirudi kidogo kuelekea mwanga. Mikono ipe kazi halisi: kushika ukosi, kuegemea fremu ya mlango, kukunja mkono wa shati. Ukimwambia "weka mikono kawaida," itakakamaa.

Mwombe atoe pumzi, na ubonyeze mwishoni mwa pumzi hiyo. Fremu sita kwa mkao mmoja zinatosha. Eleza mapema picha zitaonyeshwa wapi, na upate idhini kabla ya kutoka, si baada.

Hatua ya 7: Fokasi

Ukali wa picha uweke kwenye jicho lililo karibu na kamera. Kwa milimita 85 kwenye f/1.4, ukiwa mita moja na nusu, kina kinachoonekana kwa ukali hakifiki sentimita 3: jicho moja limekaa, la pili limeenda. Kwenye f/4 unapata kama sentimita 7. Ndiyo maana nasisitiza f/4 uso unapokuwa mshazari, hata kama umelipia lenzi ya f/1.4.

Hatua ya 8: Kuchagua

Acha picha zilale usiku mmoja. Asubuhi zifungue zikiwa ndogo kama stempu, kwa nyeusi na nyeupe. Ile ambayo kichwa hakijitengi na mandhari kwa ukubwa huo, itoe. Rudi kwenye mstari ulioandika hatua ya 2 na uulinganishe na zilizobaki: chanzo upande uleule, sikio linaonekana, mikono ipo. Fremu inayotimiza mstari lakini macho yake yamekufa, itoe pia. Zikibaki tatu, hariri moja tu. Zisipobaki, usibadilishe mchoro: rudi na mstari uleule, mahali pengine, kwa sababu kilichokosekana karibu kila mara ni paa au kitambaa cheusi.