SOMO: Vitamini C na mifupa, hatua kwa hatua (someni kabla ya kuuliza)

Wakuu, habari zenu. Swali la "nimevunjika mfupa, ninywe vidonge gani vya vitamini C?" nimelijibu mara nyingi mno, kila mara kuanzia mwanzo. Leo naliandika lote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Ukitaja mfupa, watu huwaza kalsiamu tu. Kalsiamu na fosfeti ni zege. Ndani ya zege kuna nondo, na nondo hizo ni protini iitwayo kolajeni. Nyuzi tatu za kolajeni husokotwa pamoja kama kamba. Vimeng'enya vinavyoiandaa kamba hiyo ikaze hutumia madini ya chuma, na vitamini C ndiyo inayokirudisha chuma hicho katika hali ya kufanya kazi. Ikipungua, kamba hutoka legelege, na zege halina pa kushika. Kolajeni iko pia kwenye fizi, ngozi, gegedu na kuta za mishipa ya damu, ndiyo maana upungufu huonekana mdomoni kabla hujauhisi mfupani.

Hatua ya 1: Jua kiasi. Kwa viwango vya Marekani, mwanamume ni miligramu 90 kwa siku, mwanamke 75, mjamzito 85, anayenyonyesha 120. Mvuta sigara aongeze 35.

Hatua ya 2: Chagua chanzo. Gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200, pilipili hoho nyekundu mbichi zaidi ya 120, machungwa kama 50. Nyanya zinayo kidogo, kabeji inayo ya kutosha.

Hatua ya 3: Kila siku. Mwili wa binadamu hauitengenezi na akiba yake ni ndogo.

Hatua ya 4: Utayarishaji. Hapa nilikosea, na aliyeumia ni baba yangu. Alivunjika muundi, mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza. Matunda aliyakataa kwa sababu yalimwasha mdomo, nikasema basi, mboga za majani zitatosha. Asubuhi nilizikatakata ndogondogo, nikaziloweka kwenye beseni hadi mchana, nikazichemsha mpaka zikawa rojo ili asipate shida kutafuna, kisha nikamwaga yale maji ya kijani. Kila siku hivyo hivyo, nikiamini namlisha vizuri. Mwezi wa tatu akaniita nione mswaki wake: brashi ilikuwa na rangi ya waridi. Fizi zilikuwa zimevimba, na kwenye mapaja kila kinyweleo kilikuwa na kidoa chekundu shinani. Hicho ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Daktari alipoanza kumpa vitamini C, damu kwenye fizi ilikoma ndani ya wiki moja.

Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na joto na hewa. Kwa hiyo OSHA KWANZA, UKATE BAADAYE. Usiloweke kilichokatwa. Maji yawe kidogo na yawe yanachemka kabla hujatia mboga, funika, epua zikiwa bado na rangi. Supu ya mboga usiimwage. USITIE MAGADI ili zilainike haraka, yanaimaliza. Usitumie chombo cha shaba tupu. Mgonjwa asiyeweza kutafuna, msagie tunda bichi, usimchemshie mpaka liishe nguvu.

Hatua ya 5: Kula vitamini C pamoja na chakula chenye chuma cha mimea, kama maharage na mboga za majani, kwa sababu husaidia chuma hicho kufyonzwa. Chai na kahawa zisubiri kama saa moja.

Hatua ya 6: Vidonge. Ni vya asiyeweza kupata chakula cha kutosha, au aliyeandikiwa na daktari. Ukimeza zaidi ya gramu moja kwa mkupuo, chini ya nusu ndiyo inayofyonzwa. Kikomo cha mtu mzima ni miligramu 2,000 kwa siku. Kupita hapo unaweza kuharisha, na mwenye historia ya mawe ya figo anajiongezea hatari. Mwenye ugonjwa wa mwili kulimbikiza chuma asiviguse bila ushauri.

Hatua ya 7: Kalsiamu, vitamini D, protini na mazoezi viko palepale. Vitamini C peke yake haiungi mfupa.

MASWALI

Kijana_wa_Leo: Somo zuri mkuu. Sasa mimi nimevunjika kidole, ninywe vidonge gani?

Jibu: Hatua ya 6.

Kijana_wa_Leo: Nimeisoma, ila hujataja aina.

Jibu: Sijataja kwa sababu aina siyo jambo la msingi. Unakula matunda na mboga kila siku? Kama ndiyo, huhitaji kidonge. Kama hapana, anza na Hatua ya 2.

Hesabu_Kali: Shirika la Afya Duniani wanasema miligramu 45, wewe unasema 90. Unatuchanganya.

Jibu: Sikuchanganyi, nimeandika wazi kuwa ni viwango vya Marekani. Kuzuia kiseyeye tu, miligramu 10 kwa siku zinatosha. 45 ni kiwango cha kuendesha mwili kwa usalama. 90 wamelenga akiba iwe karibu na kujaa. Ni malengo tofauti, hakuna aliyekosea.

Mzee_Tulivu: Mimi mguu wangu uliunga miaka ishirini iliyopita, naona somo hili ni la vijana.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Hapana, linakuhusu sana. Katika safari ya meli za George Anson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza, zilizoondoka Uingereza mwaka 1740, kiseyeye kiliua mabaharia wengi mno. Mwandishi wa safari hiyo alieleza habari za mzee mmoja aliyejeruhiwa vitani mwaka 1690. Baada ya miaka hamsini makovu yake yalifunguka upya, na mfupa uliokuwa umeunga ukaachana kana kwamba haujawahi kuunga. Kovu na mfupa si vitu vilivyokwisha kujengwa. Mwili huvibomoa na kuvijenga kila siku, na kila ujenzi unahitaji nondo mpya. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawiliwawili, kila wawili na tiba yao. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka.

Mama_Pacha: Naomba kuuliza, mbuzi hali machungwa maisha yake yote, mbona hapati kiseyeye?

Jibu: Dada, swali hili limenifurahisha sana. Mbuzi anaitengeneza mwenyewe kwenye ini kutokana na sukari. Wanyama wengi wanaweza. Sisi tunayo jeni ya kimeng'enya cha hatua ya mwisho, ila iliharibika zamani sana kwa mababu tunaochangia na nyani na sokwe. Baadhi ya popo nao hawawezi.

Mama_Pacha: Asante. Na mafua je? Nawapa watoto kila wakipiga chafya.

Jibu: Ukianza kuwapa wakishaugua, faida haijaonekana kwa uhakika. Wanaoitumia kila siku huugua mafua vilevile, ila hupona mapema kidogo. Wape matunda siku zote. Na mtoto mdogo akikataa kukanyaga chini, akilia ukimgusa miguu, usimtibu kwa machungwa nyumbani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Jikoni_Daima: Nyongeza: viazi navichemsha na maganda, namenya vikishaiva. Na maji ya kabeji napikia wali.

Jibu: Safi kabisa, ganda linazuia vitamini isitokee majini. Hiyo ya wali sikuwahi kuifikiria.

Kijana_wa_Leo: Mimi nafyonza ndimu nzima nzima asubuhi, kisha napiga mswaki haraka. Sawa?

Jibu: Ndimu sawa, mswaki hapana. Asidi hulainisha meno kwa muda, ukisugua papo hapo unayala. Sukutua kwa maji, mswaki usubiri nusu saa. Kidole kinaendeleaje?