Jinsi ya kupima nyuzinyuzi za plastiki zinazotoka kwenye nguo ukifua kwa mkono

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa ajili ya mashine ya kufulia: unafunga chujio kwenye bomba la maji machafu, unawasha mashine, unasubiri. Sisi wengi tunafua kwenye beseni, tunafikicha kwa mikono, tunasuuza mara mbili, na maji tunayamwaga uani au mtaroni. Hayapiti mtambo wowote wa kusafisha majitaka, kwa hiyo kilichotoka kwenye sweta asubuhi kinaweza kufika mtoni mvua ikinyesha tu. Nimeandika hatua hizi baada ya kumsimamia mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapa Dar es Salaam. Maswali aliyoniuliza huwa naulizwa na karibu kila anayeanza.

Maikroplastiki ni vipande vya plastiki visivyozidi milimita 5, na nyuzinyuzi za nguo za plastiki ni mojawapo. Mwaka 2011 Mark Browne na wenzake walionyesha kwamba vazi moja linaweza kutoa nyuzinyuzi zaidi ya 1,900 kila linapofuliwa. Mwaka 2016 Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth walikadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki, ambayo ni plastiki, zinaweza kutoa zaidi ya 700,000. Utafiti wa China wa mwaka 2023 ulilinganisha mkono na mashine kwa kitambaa cha poliesta, nayo ni plastiki: mkono ulitoa wastani wa nyuzinyuzi 1,853, mashine 23,723. Namba zimepishana hivyo kwa sababu vitambaa ni tofauti na njia za kupimia ni tofauti. Ndiyo maana ninasisitiza njia kabla ya namba.

Hatua ya 1: Nguo

Chukua nguo moja ya rangi kali, kwa mfano jezi nyekundu. Nguo nyingi za mitumba hazina lebo, kwa hiyo chomoa uzi mmoja kwenye pindo uusogeze kwenye moto ukiwa umeushika kwa kibano. Pamba huungua, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini. Poliesta hujikunja na kuyeyuka, kisha huacha kidonge kigumu cheusi. Fanya hivyo hata kwa kitenge ulichouziwa kama pamba. Kausha nguo, ipime uzito, andika. Kama ni mpya, kumbuka kwamba mafuo ya mwanzo hutoa nyuzinyuzi nyingi kuliko yanayofuata, kwa hiyo andika ni fuo la ngapi.

Hatua ya 2: Maji na vyombo

Tumia sufuria kubwa au ndoo ya chuma, si beseni la plastiki. Maji yote, yawe ya bomba, ya kisima au ya dukani, yachuje kwanza kwa chujio la maikromita 1.2 (maikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Suuza kila chombo mara tatu kwa maji hayo uliyoyachuja, kisha kifunike kwa foili.

Hatua ya 3: Jaribio tupu

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Nyuzinyuzi ziko hewani kila mahali, na ukiacha karatasi ya kuchujia wazi mezani utazikuta juu yake. Usipojua ngapi zimetoka hewani, kwenye maji na kwako wewe mwenyewe, huna njia ya kusema ngapi zimetoka kwenye jezi.

Jaribio tupu maana yake ni kufanya kila kitu bila nguo. Maji yale yale, sabuni ile ile, sufuria ile ile, mikono yako ikifikicha ndani ya maji kwa muda ule ule, kisha unachuja na kuhesabu kama kawaida. Wengi huchuja glasi ya maji safi wakaiita jaribio tupu. Hilo halitoshi, kwa sababu halikupitia mikono wala sufuria. Sambamba na hilo weka karatasi ya kuchujia iliyolowa kwenye kisahani wazi mezani tangu unaanza mpaka unamaliza. Hiyo itakuonyesha kilichoanguka kutoka hewani.

Sasa chumba. Zima feni. Najua joto la Dar, lakini zima, na ufunge madirisha. Fanya kazi alfajiri kabla watu hawajaanza kupitapita. Usifanyie chumbani kwenye chandarua: vyandarua vingi ni poliesta, na kila ukikigusa kinamwaga. Mapazia na makochi ya kitambaa vilevile. Futa meza kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, usifagie, maana ufagio unainua tu kilichokuwa kimetulia sakafuni. Kama uani kuna kamba ya kuanikia karibu na dirisha, subiri nguo zianuliwe.

Kisha wewe. Vaa pamba tupu, ya rangi ambayo si ya nguo unayopima. Koti jeupe la maabara lichunguze: mengi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na watu huyavaa wakiamini yanawalinda. Mimi napendelea kanga ya pamba halisi ya rangi ya machungwa kuliko koti hilo, kwa sababu unyuzi wa machungwa nikiukuta chini ya hadubini najua ni wangu. Jinzi sizikubali kabisa chumbani. Hutoa nyuzinyuzi za buluu kwa wingi, na buluu ndiyo rangi utakayoikuta kila mahali hata bila jinzi. Kwa sababu hiyo hiyo, usianze kujifunza kwa nguo ya buluu, nyeupe au nyeusi.

Fanya majaribio tupu yasiyopungua matatu, na uyatawanye: moja kila siku ya kazi, siyo yote siku ya kwanza chumba kikiwa kimetoka kusafishwa. Hesabu kwa rangi na kwa aina. Ukipata nyuzinyuzi nyeusi tano za pamba kwenye jaribio tupu, usizitoe kwenye hesabu ya poliesta nyekundu, kwa kuwa hazihusiani. Kisha weka kizingiti: wastani wa majaribio tupu, jumlisha mara tatu ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Majaribio yakitoa 4, 5 na 6, wastani ni 5, mchepuko sanifu ni 1, kizingiti ni 8. Sampuli isiyovuka 8 iandike kuwa iko chini ya kizingiti, usiipe namba. Na kama jaribio tupu linakupa nyuzinyuzi nyingi karibu sawa na nguo yenyewe, usiendelee. Rudi kwenye chumba utafute zinakotoka.

Hatua ya 4: Kufua

Maji lita 5, nguo moja, loweka dakika 10, fikicha dakika 5, kamua. Mtu mmoja afue nguo zote, maana nguvu za mikono hazilingani. Uwiano wa maji na nguo usibadilike: watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, mwaka 2019 waligundua kwamba kwenye mashine, maji yakiwa mengi kulinganisha na nguo, nyuzinyuzi huongezeka. Maji ya kusuuza yaweke kwenye chombo chake.

Sabuni iwe ya maji. Sabuni ya unga huwa na chembe zisizoyeyuka zinazoziba chujio, na sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu ya kisima hutoa utando mweupe unaofunika kila kitu. Kama lengo lako ni kupima hali halisi ya nyumbani, ambako unga ndio unaotumika, fanya mara mbili, kila sabuni peke yake, na kila moja iwe na jaribio tupu lake.

Hatua ya 5: Kuchuja

Usichuje lita 5 nzima. Koroga kwa mwiko wa chuma, chota mililita 100 huku maji bado yanazunguka, mara tatu, na kila mara chota kutoka katikati ya kina. Chuja kwa pampu ya mkono kwenye karatasi ya selulosi yenye mistari ya miraba. Mistari hiyo itakuokoa wakati wa kuhesabu. Sipendekezi karatasi ya kuchujia kahawa, kwani yenyewe inamwaga nyuzinyuzi. Wavu wa maikromita 25 pekee nao hautoshi: nyuzinyuzi nyingi za poliesta zina unene wa kama maikromita 10 hadi 20, na unyuzi ukija kwa ncha hupenya.

Halafu jipime. Kata nyuzinyuzi 50 za rangi usiyoitumia kwingine, zitie kwenye maji safi, chuja, hesabu. Ukirudisha 45 uko vizuri. Ukirudisha 30, nyingine zimeng'ang'ania kwenye kuta za chombo, kwa hiyo ongeza kusuuza kuta.

Hatua ya 6: Kuhesabu na kutambua

Pita mraba kwa mraba, ukuzaji wa mara 40, kisha panda mara 100 kwa unyuzi wenye shaka. Pamba inafanana na utepe bapa uliojisokota. Poliesta ni kijiti laini cha unene uleule mwanzo hadi mwisho. Usiite kila unyuzi plastiki: utafiti wa Giuseppe Suaria na wenzake wa mwaka 2020 ulikuta kwamba asilimia 8.2 tu ya nyuzinyuzi walizozichambua kutoka juu ya maji ya bahari zilikuwa sintetiki. Nyingi zilikuwa za mimea.

Kama huna hadubini ya mwanga uliopolaraizwa (mwanga uliochujwa utikisike upande mmoja tu), nenda kwa fundi wa televisheni umwombe vipande viwili vya filamu ya polaraiza kutoka kwenye kioo kilichokufa. Kimoja weka chini ya sampuli, kingine juu, vikikatana hadi pawe giza. Zungusha sampuli. Poliesta hung'aa, kisha huzimika kabisa inapolala sambamba na filamu mojawapo. Pamba haizimiki yote, kwa sababu ya msokoto wake.

Hatua ya 7: Hesabu

Tuseme wastani ni nyuzinyuzi nyekundu 48 kwa mililita 100, na jaribio tupu lilitoa nyekundu 5. Zinabaki 43. Zidisha kwa 50 upate lita 5: ni 2,150. Kama jezi ina gramu 250, gawanya kwa 0.25, upate 8,600 kwa kilo. Fanya vivyo hivyo kwa maji ya kusuuza, ujumlishe. Kando ya namba hiyo andika aina ya kitambaa, fuo la ngapi, lita za maji, sabuni, ukubwa wa tundu la chujio na kizingiti chako, ili mwingine akipima jezi yake aweze kuilinganisha na yako.