Ukitaka Kuona Vitwitwi wa Sabaki, Anza na Mwezi

Agosti, upepo wa kusi ukianza kulegea, abiria wangu wa tuktuk hapa Malindi huniuliza, "Mzee, wale ndege wa Sabaki wanaonekana saa ngapi?" Wanamaanisha vitwitwi, ndege wahamiaji wanaotafuta chakula matopeni pale mto Sabaki unapoingia baharini. Nami huwarudishia swali: leo mwezi ngapi? Simaanishi Agosti, namaanisha mwezi wa juu, una siku ngapi tangu uandame.

Nilivua miaka 15 kabla ya kushika usukani, kwa hiyo hesabu hii naijua usingizini. Mwezi mosi na mwezi 15 ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine: maji hujaa kama saa kumi jioni na kupwa saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Basi chagua mwezi 16 au 17. Swali Alasiri, panda tuktuk hadi daraja la Sabaki, halafu teremka kwa miguu mpaka mto unapoingia baharini. Utakuta maji yanapanda, na jua liko mgongoni mwako.

Maji yakipwa ndege hutawanyika matopeni, utaona nukta tu. Mgeni wangu wa kwanza nilimpeleka saa nne asubuhi, bamvua. Tukazifuata zile nukta, tope likanimeza hadi magotini, na kandambili yangu moja iko huko mpaka leo. Lakini maji yakijaa, mafungu ya mchanga hufunikwa moja baada ya jingine, na ndege wote hubanana kwenye lile la mwisho. Wewe kaa chini mapema, kwenye mchanga mkavu, utulie. Watakusogelea wenyewe.

Anza na sululu, maana mdomo wake mrefu uliopinda haumpotezi mtu. Kisha tafuta kitwitwi mdogo ambaye mdomo wake umepinda kidogo tu nchani. Wanaotangulia Agosti ni wakubwa waliotoka kuzaliana huko Siberia, na kifua bado kina wekundu wa tofali, ila kimeshaingia mabaka meupe kama shati lililorukiwa na jiki. Watoto wao hufuata baadaye, bila kuongozwa na wazazi. Hapo ndipo mimi huishiwa na maneno. Mtazame akila: mdomo unadunga tope kama sindano ya cherehani, unakwama kidogo, anavuta, mnyoo unatoka, cherehani inaendelea.

Tupa macho angani pia. Wale wa kahawia wenye mabawa ya mbayuwayu, wanaokamata wadudu wakiruka, wametoka Madagaska. Ukingoja Oktoba huwapati.

Mla kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mfuate kwenye hori la bahari la Mida, kule Gede. Kuna njia ya mbao katikati ya mikoko. Lipa kiingilio bila kunung'unika, kinasaidia karo za watoto wa hapo. Ukiona ndege ana pete mguuni, andika rangi na ni mguu gani. A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi lililoko Watamu, limewavisha wengi.

Nendeni kikundi. Darubini moja yatosha watu wanne, mradi mmoja atazame na kutaja, mwingine aandike. Kundi kubwa msihesabu mmoja mmoja: hesabuni kumi, mwone hao kumi wamechukua nafasi gani, kisha mpime nafasi hiyo inaingia mara ngapi. Zoezi hili litawafaa Jumamosi ya pili ya Oktoba, Siku ya Ndege Wanaohama Duniani, na zaidi Januari, ndege wa majini wanapohesabiwa nchini. Na anayewarusha ili apate picha, tuktuk yangu hapandi tena. Ndege katoka Siberia, mwache apumzike.

Jua likigusa minazi, ondokeni. Magharibi viboko hutoka mtoni kwenda kula majani, na hao hawampishi mtu njia.