SOMO: Gari kutoa moshi kwenye ekzosi. Soma hapa kabla hujakubali kushusha injini

Wakuu, nimechoka. Kila wiki naletewa ujumbe uleule: "Fundi, gari inatoa moshi, tatizo nini?" Basi, imeishia hapo. Hasemi moshi wa rangi gani, gari gani, wala inatoa wakati gani. Naandika mara hii moja. Atakayeuliza bila kusoma nitamjibu kwa namba ya hatua tu.

Nazungumzia zaidi gari za petroli tunazoendesha wengi: IST, Passo, Premio, Noah. Dizeli najua mtaiuliza.

Hatua ya 1. Gari ilale usiku kucha. Asubuhi iwashwe mahali pa wazi, si ndani ya banda lililofungwa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua.

Hatua ya 2. Mtu mwingine apige stata, wewe simama nyuma kwa pembeni. Tazama, nusa kwa mbali.

Hatua ya 3. Rangi.

Mweupe mwepesi unaopotea injini ikipata moto: huo ni mvuke, acha kuhangaika. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na asubuhi za baridi maji hayo huonekana. Wa Njombe na Makete mwezi wa sita mnajua. Matone kwenye ncha ya bomba ni hayohayo.

Mweupe mzito, unaning'inia hewani, una harufu tamutamu na hauishi: kulanti inaingia kwenye silinda. Mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, hasa kama gari ilishachemsha. Angalia kama maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini, na kama oili kwenye stiki imekuwa kama chai ya maziwa. Lakini ute mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake, kwa gari ya safari fupifupi, usikufanye ufungue hedi. Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya presha yanazidi nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua yanachemka papo hapo, yanakurukia usoni.

Mweusi: mafuta mengi, hewa kidogo. Anza na eya klina, kisha plagi, sensa ya hewa, sensa ya oksijeni, nozeli.

Bluu: inaungua oili. Huu ndio unaofanya watu wauziwe injini.

Hatua ya 4. Wakati. Watu wanairuka hatua hii, na jibu la moshi wa bluu liko humu.

Ukitoka asubuhi tu, ukaisha baada ya muda mfupi, ni sili za valvu. Zimekakamaa, oili imechuruzika usiku. Ukitoka pale uliposhuka mlima umeachia mafuta, halafu ukakanyaga tena, bado ni sili au gaidi za valvu (vibomba vya chuma ambamo valvu hupita). Ukitoka ukipanda na kuzidi kadiri unavyokanyaga, hapo shuku ringi za pistoni. Na ukianza siku ileile uliyobadilisha oili, chomoa stiki: fundi kazidisha.

Hatua ya 5. Vya bei ndogo kwanza. Chomoa valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue) kwenye tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, itikise. Ikilia ndani, kwa kawaida ni nzima. Ikiwa kimya, imeganda kwa uchafu, na injini inavuta oili kupitia mpira wake. Watu wameshusha injini kwa ajili ya kidude hicho.

Hatua ya 6. Pima kompreshoni, yaani presha ambayo kila silinda inaibana hewa. Hapa soma polepole.

Injini iwe imepata moto. Puliza mchanga kuzunguka plagi KABLA ya kuzichomoa, kwa sababu ukidondokea ndani ndio utakaokwangua silinda. Toa plagi zote, si moja moja. Chomoa soketi za koili na za nozeli. Usipofanya hivyo, petroli itarushwa nje ya matundu ya plagi huku cheche zinaruka pembeni, nawe umeinamia. Funga geji, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata hadi mshale usimame. Mguu usipokanyaga, hewa haiingii, namba inakuwa ndogo, na injini nzima inahukumiwa bure. Betri iwe imejaa: betri mbovu inashusha namba za silinda zote nne kwa pamoja, na mimi nilishawahi kuiita injini ya mtu mbovu kwa sababu hiyo. Ukiona zote ziko chini na zinalingana, rudia na betri nyingine kabla ya kufungua mdomo.

Kwa 1NZ-FE, ile ya IST ya cc 1500, namba ya kiwandani ni psi 213. Chini ya 156 ni mbaya, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Iliyo chini imwagie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Hatua ya 7. Sasa ndiyo zungumza bei na fundi.

MASWALI

Kijana wa Tegeta: Mkuu gari yangu inatoa moshi sana, shida itakuwa nini?

Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 4.

Kijana wa Tegeta: Nipo bize mkuu, nipe jibu la haraka tu.

Jibu: Jibu la haraka ni injini ya mtumba. Fundi yeyote atakupa hilo.

Mama Premio: Shikamoo fundi. Yangu inatoa bluu asubuhi kidogo tu halafu inakata. Oili inapungua robo lita hivi kwa kilomita 2,000. Fundi wangu anasema lazima hedi ishuke ili sili zibadilishwe. Ni kweli?

Jibu: Marahaba dada, na asante kwa kupima, ungejua ni wangapi hawapimi. Si lazima. Sili zinabadilishwa hedi ikiwa juu ya injini: unaingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, au unapenyeza kamba safi ndani ya silinda na kupandisha pistoni taratibu iibane, ili valvu isidondoke springi inapofunguliwa. Ncha ya kamba ibaki nje! Ni kazi ya uvumilivu, fundi mwenye haraka hataipenda. Na kwa kiwango hicho huna dharura. Watengenezaji wengi huanza kuhesabu ni tatizo ikikaribia lita moja kwa kilomita 1,000. Angalia stiki kila ukijaza tangi, uendelee na shughuli zako.

Mzee wa Kazi: Mnapoteza muda. Weka oili namba 40, moshi unakata siku hiyohiyo. Nimefanya gari kibao.

Jibu: Umekata moshi, hukukata ugonjwa. VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka, inaendeshwa na presha ya oili kupitia vijitundu vidogo. Hiyo nzito inachelewa kufika asubuhi, na asubuhi ndipo injini inapolika. Wanaouza gari mbovu nao wanatumia ujanja huohuo, kwa hiyo usinitajie idadi.

Mzee wa Kazi: Basi wewe ndiye unayejua peke yako.

Jibu: Hatua ya 6. Lete namba.

Mdadisi: Fundi, nina RAV4 yenye injini ya 2AZ-FE. Kompreshoni nimepima mwenyewe, zote nzuri na zinalingana. Lakini inakula lita moja kwa kilomita 1,500 na moshi ni bluu. Nimepima vibaya?

Jibu: Hukupima vibaya, swali zuri kuliko yote hapa. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu ndizo hasa zinazozuia presha, ya chini kabisa kazi yake ni kukwangua oili. Hiyo ya chini ikiganda kwa kaboni, geji haitaiona. 2AZ-FE za kati ya 2006 na 2009 zinajulikana kwa hilo, na 1ZZ-FE za mwanzo pia: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yanaziba. Jaribu kwanza kuloweka pistoni kwa dawa ya kaboni usiku kucha kupitia matundu ya plagi, piga stata plagi zikiwa nje ili dawa itoke, kisha mwaga oili yote. Dawa ikibaki juu ya pistoni ukafunga plagi, unaweza kupinda konrodi, ule mkono wa pistoni. Kwa wengine inasaidia, kwa wengine ni pistoni mpya.

Dereva wa Hiace: Yangu ni dizeli, injini ya 3L, inatoa mweusi ikipanda Kitonga na mzigo. Nifunge turbo nyingine?

Jibu: 3L haina turbo, kiongozi. Eya klina, halafu nozeli zipelekwe zikapimwe. Uliza pia kama kuna fundi aliyeongeza mafuta kwenye pampu ili "iwe na nguvu". Nguvu yake ndiyo hiyo unayoiacha nyuma ikiwa nyeusi.

Mama Premio: Fundi, samahani, nje ya mada kidogo. Naambiwa nitoe masega (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi), gari itakuwa nyepesi.

Jibu: Yana platinamu, paladiamu na rodiamu, wanunuzi wake wapo. Muulize huyo fundi masega yatabaki na nani, uone kama ushauri utaendelea. Ukiyatoa, sensa ya pili ya oksijeni itaona tofauti na taa ya injini itawaka. Ila ujue oili inayoungua huyaua polepole, kwa hiyo sili usizisahau kabisa.

Mnunuzi: Naenda kuona Noah kesho saa nne, nikague nini?

Jibu: Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kaa unywe soda, isubiri ipoe.