Somo: Kutambua makundi ya vijiumbe kwa maswali matatu

Wengi mnakariri majina ya makundi bila kujua mpaka kati yake uko wapi. Mtihani ukileta kiumbe msichokijua, mmekwama. Ulizeni maswali haya kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Je, ni seli?
Kama si seli, ni kirusi: asidi nukleiki (DNA au RNA, inayobeba maelekezo ya urithi) iliyofunikwa kwa protini. Hakili, hakipumui, na hakizaliani mpaka kiingie ndani ya seli ya kiumbe kingine. Msihangaike kukitafuta kwa hadubini ya shule. Uwezo wa hadubini hiyo huishia karibu nanomita 200, na virusi vingi ni vidogo kuliko hapo.

Hatua ya 2: Je, seli ina kiini, yaani DNA iliyozungushiwa utando?
Kama DNA haikuzungushiwa utando, uko kwa bakteria au arkea. Arkea, vijiumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria kwa umbo, nawapita haraka. Baadhi yao wako tumboni mwa ng'ombe, wakitengeneza methani.

Bakteria ndio wa kukaa nao. Ukipita Kongwa, mkoani Dodoma, karanga zikiwa shambani, omba shina moja, ling'oe na ukung'ute udongo. Mizizini utaona vinundu. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa kinafanya kazi, ndani kina rangi ya waridi. Humo wamo bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, nao mmea unawapa sukari. Kongwa hiyohiyo imesumbuliwa miaka mingi na trakoma, ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria Chlamydia trachomatis, anayesambaa kwa mikono, nguo na nzi. Kwa hiyo mkiniandikia kwamba bakteria wote ni wadudu wa magonjwa, nakata alama.

Hatua ya 3: Kiini kipo, anaishije?
Anayejitengenezea chakula kwa mwanga ni mwani. Asiyeweza, mtazame ukuta wa seli. Ukiwa na kitini, dutu ngumu kama ya ganda la mdudu, ni kuvu (fangasi), kama hamira inayochachua maji ya zabibu zetu kuwa mvinyo. Asiye na ukuta ni protozoa: amiba, na Plasmodium wa malaria.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mahindi yenye ukungu nikiyaosha, nikasaga, ugali ukaiva sawasawa, kuvu si atakufa?

Marahaba. Kuvu atakufa, sumu yake itabaki. Aspergillus flavus hutoa aflatoksini, ile tunayoisikia kwa jina la sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo. Tena punje inaweza kuonekana safi kabisa na bado ikawa nayo. Anika kwenye turubai, usianike juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi, kisha weka pakavu.

Mwalimu, kiangazi vumbi likinipa mafua, dukani wananiuzia amoksisilini. Ni sawa?

Rudi hatua ya 1 na ya 2. Amoksisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria. Kirusi cha mafua hakina ukuta huo. Na vumbi hata kiumbe si.

Mbona dawa za kuua bakteria ni nyingi, za fangasi chache?

Seli ya kuvu ina kiini kama yetu na inafanana na yetu kwa mengi, hivyo ni vigumu kumpiga yeye bila kutupiga na sisi. Dawa nyingi za fangasi hulenga ergosteroli, aina ya mafuta iliyo kwenye utando wa seli yake. Sisi mahali hapo tuna kolesteroli.